Kiumbe Adimu Anatoka Wapi? Jinsi Michezo ya Anga Inavyounda Uhai, na Namna ya Kuutafuta

Kila inaposambaa video ya mchezaji aliyekutana na mnyama wa ajabu kwenye sayari ambayo hakuna mwingine aliyewahi kuikanyaga, mabishano huzuka upya. Mmoja husema picha zimechezewa. Mwingine hudai kwamba mchezo humgawia kila mtu viumbe wake, hivyo hata ukifika palepale hutamkuta mnyama yule. Wa tatu, ambaye amezunguka sayari nyingi bila kupata cha kujivunia, hujipa moyo kwamba zamu yake imekaribia. Aghalabu wote watatu huwa wamekosea, na kosa lao lina asili moja: hawajaelezwa viumbe hao huundwa vipi. Makala haya yanaeleza jambo hilo kwa kutumia zaidi michezo miwili ambayo wapenzi wa uchunguzi wa anga huizungumzia sana, No Man's Sky ya kampuni ya Hello Games na Elite Dangerous ya Frontier Developments, ambazo zote mbili ni kampuni za Uingereza.

Tuanze na istilahi chache, kwa kuwa bila hizo maelezo yatakayofuata hayatashikika. Mbegu, katika michezo hii, ni namba. Kanuni ni maelekezo ya kimahesabu ambayo programu huyafuata ili kuigeuza namba hiyo kuwa kitu: nyota, sayari, mlima, au mnyama. Kuunda kwa kanuni ni kazi nzima ya kutoka kwenye namba hadi kufikia kitu kinachoonekana kwenye skrini, bila msanii kuchora kila mlima na kila mnyama kwa mkono wake. Spishi ni muundo mmoja wa kiumbe ambao wanyama au mimea mingi huushiriki.

Tuseme yupo fundi cherehani ambaye dukani kwake hakuna hata vazi moja lililotundikwa. Alicho nacho ni ruwaza za kukatia kitambaa na utaratibu wake wa kazi. Ukimpelekea vipimo, anakata na kushona. Ukiondoka, duka hubaki tupu kama mwanzo. Ukirudi mwaka mwingine na vipimo vilevile, atakushonea vazi lilelile bila tofauti hata ya mshono mmoja, kwa sababu fundi huyu habadilishi utaratibu wake wala hachoki. Vipimo ndiyo mbegu, utaratibu wa fundi ndiyo kanuni, na vazi ndiyo sayari pamoja na kila kinachoishi juu yake. Ndiyo maana ulimwengu wenye sayari nyingi kupita kiasi unaweza kukaa ndani ya diski moja ya kawaida: sayari hazihifadhiwi popote. Unapozikaribia, kompyuta yako huziunda, unapoondoka, huzifuta. Kinachobaki kwenye seva ni mambo yaliyoongezwa na watu, kama vile majina waliyozipa sayari na kumbukumbu ya nani aliyetangulia kufika.

Hapo madai ya pili kati ya yale niliyoyataja mwanzoni yanaanguka. Kompyuta yako na ya mtu mwingine aliye bara jingine zina kanuni zilezile na zinapokea mbegu ileile, kwa hiyo zinaunda sayari ileile, yenye milima ileile na spishi zilezile. Hakuna anayegawiwa wanyama wake peke yake.

Wakazi wa mwaka 1984

Njia nyepesi ya kuona jinsi uhai unavyotoka kwenye namba ni kuutazama mchezo wa zamani, ambao kanuni zake ni fupi kiasi cha kueleweka na mtu yeyote. Mwaka 1984 David Braben na Ian Bell walitoa mchezo ulioitwa Elite kwa ajili ya kompyuta ya BBC Micro, ambayo kumbukumbu yake ilikuwa kilobaiti 32 tu. Hata picha moja ndogo inayopigwa kwa simu siku hizi isingeenea humo. Hata hivyo mchezo ule ulikuwa na galaksi 8, kila moja ikiwa na sayari 256, na kila sayari ilikuwa na jina, aina ya serikali, uchumi na wakazi wake.

Wakazi wa baadhi ya sayari walikuwa walowezi wa kibinadamu. Wengine walikuwa viumbe wa kigeni walioelezwa kwa maneno yasiyozidi manne: la kwanza kuhusu ukubwa au ukali, la pili rangi, la tatu ngozi au umbo, na la mwisho aina yenyewe, kama vile mijusi, vyura, ndege, wadudu au jamii ya paka. Hakukuwa na orodha ya wakazi iliyoandikwa mahali. Programu ilichukua mbegu ya sayari, ikatoa humo namba kuanzia 0 hadi 7 kwa kila neno, na kila namba ilikuwa na maana yake.

Sasa tazama neno la kwanza kwa makini. Kati ya namba nane zinazowezekana, tatu tu zilikuwa na neno: moja kwa wakubwa, moja kwa wakali, moja kwa wadogo. Namba tano zilizobaki ziliacha nafasi wazi. Kwa hiyo wakazi wakubwa walikuwa na nafasi moja katika nane ya kutokea, na wakazi wasio na sifa hiyo kabisa walikuwa na nafasi tano katika nane. Ukidai kuwa unawataka wakubwa, wekundu, wenye manyoya, wa jamii ya paka, kila sharti unaloliongeza hukata sehemu ya sayari zilizobaki. Hakuna aliyeketi akasema kwamba paka wakubwa wekundu wawe adimu. Uadimu wao ulizaliwa na idadi ya masharti waliyopaswa kuyatimiza kwa pamoja.

Jambo jingine linaloonekana wazi katika mchezo ule ni kwamba wingi wa sayari na wingi wa aina za viumbe haviendi pamoja. Waandishi wake walikuwa na uwezo wa kuzalisha takriban galaksi trilioni 282, na wachapishaji wao, Acornsoft, ndio waliowashauri wapunguze. Ushauri ule ulikuwa wa busara. Galaksi hizo zote zingetumia maneno yaleyale machache, na mchezaji angegundua mapema kwamba anazunguka mahali pamoja.

Namba ya kutisha na mifupa michache

No Man's Sky ilipotoka mwezi Agosti 2016, iliuzwa kwa namba ambayo watu wengi bado huinukuu bila kujua ilikotoka: sayari 18,446,744,073,709,551,616. Si hesabu ya vitu vilivyotengenezwa. Kompyuta huandika namba kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1, na mbegu ya mchezo huu ina nafasi 64 za tarakimu hizo. Ukizidisha 2 kwa 2 hadi uwe na 2 sitini na nne, unapata namba hiyo. Ni idadi ya mbegu zinazowezekana. Mtu angetembelea sayari moja kila sekunde bila kulala, angehitaji takriban miaka bilioni 585 kuzimaliza, wakati ulimwengu wetu halisi una umri wa miaka bilioni 13.8.

Lakini wanyama wa mchezo huo hawatoki kwenye utupu. Wasanii walitengeneza kwa mkono miundo ya msingi ya miili, wa miguu minne, wa miguu miwili, wanaoruka, wanaoogelea, wanaotambaa, pamoja na vichwa, mikia, pembe na ngozi za kubadilishana. Mbegu ndiyo inayoamua ni mifupa ipi itumike, mnyama awe na ukubwa gani, achukue kichwa kipi na rangi ipi, naye hutembea kulingana na urefu wa miguu aliyopewa. Hata sauti zao hazikurekodiwa kwa kila spishi. Paul Weir, aliyeongoza kazi ya sauti, alitumia programu inayoiga njia ya sauti ya koo na mdomo, ili mnyama mkubwa angurume kwa namna tofauti na mdogo. Huo ni ufundi wa hali ya juu, na nadhani unastahili sifa kuliko ile namba ya sayari. Hata hivyo jicho la binadamu halihesabu rangi na pembe. Linakumbuka mifupa. Baada ya muda mchezaji huanza kuwatambua wale wa muundo fulani hata wakiwa wamebadilishiwa ngozi, na hapo ndipo hamu ya kumpata yule asiyefanana na wengine inapokolea.

Hamu hiyo iliwahi kufika hadi mezani kwa wasimamizi wa matangazo. Video zilizotangulia kutoka kwa mchezo zilionyesha mandhari yenye wanyama wakubwa wa kupendeza, na baadhi ya wanunuzi, walipozunguka bila kuona kitu kama hicho, walilalamika kwamba wamedanganywa. Mamlaka ya Uingereza inayosimamia viwango vya matangazo ilichunguza tangazo la mchezo huo na mwezi Novemba 2016 ikaamua kwamba halikupotosha. Miongoni mwa mambo iliyoyazingatia ni kwamba ulimwengu ule unaundwa kwa kanuni, kwa hiyo kila mchezaji, akifuata njia yake, atakutana na mambo tofauti, na si rahisi kuirudia mandhari moja kamili. Mtu anaweza kuukubali uamuzi huo na bado akaona kwamba wanunuzi walikuwa na haki ya kuelezwa mapema tofauti iliyopo kati ya kitu kinachowezekana na kitu kinachotarajiwa.

Bahati iko wapi hasa

Hapa ndipo penye mkanganyiko mkubwa kuliko wote, na nitakaa napo kidogo.

Tuchukue spishi ambayo, kwa mujibu wa kanuni, hutokea kwenye sayari moja katika kila 1,000. Wengi hudhani kwamba ukitembelea sayari 1,000 lazima uipate. Si kweli. Katika kila sayari uwezekano wa kuikosa ni 999 kati ya 1,000. Ukizidisha kukosa huko mara 1,000, unabakiwa na takriban asilimia 37. Maana yake ni kwamba kati ya wachunguzi 100 waliotembelea sayari 1,000 kila mmoja, 37 hivi watarudi mikono mitupu ingawa hawakufanya kosa lolote. Ili kufikia uhakika wa asilimia 95, mtu anahitaji kutembelea karibu sayari 3,000.

Na yule aliyekwisha kutembelea 1,000 bila mafanikio, je, amekaribia? Hapana. Mbegu ya sayari iliyo mbele yake haijui lolote kuhusu sayari alizotoka. Uwezekano wake kwenye sayari ijayo ni uleule mmoja katika 1,000 aliouanza nao siku ya kwanza. Imani ya kwamba kukosa mara nyingi hujaza akiba ya bahati ndiyo huwamaliza wacheza kamari, na haina nguvu zaidi angani kuliko ilivyo mezani.

Lipo jambo la ndani zaidi. Watu husema kwamba mchezo hurusha sarafu pale unapotua, kisha ama unapata kiumbe adimu ama unamkosa. Kilichopo sayari ile kiliamuliwa tangu siku kanuni zilipotolewa, kabla hata hujanunua mchezo. Hakuna sarafu inayorushwa unapofungua mlango wa chombo. Kilicho cha nasibu ni uchaguzi wako wa mahali pa kwenda, kwa kuwa unachagua bila kujua. Ndiyo maana mtu mmoja akishaipata sayari yenye kiumbe fulani na kutoa anwani yake kamili, uadimu wa kiumbe huyo unakwisha kwa kila mwenye anwani. Spishi haikuongezeka, ujinga wetu ndio uliopungua.

Kutokana na hilo, kuwa wa kwanza kufika na kukuta kitu adimu ni mambo mawili yasiyohusiana. Siku moja hivi baada ya No Man's Sky kuzinduliwa, Sean Murray wa Hello Games alitangaza kwamba wachezaji wamekwisha kusajili spishi zaidi ya milioni 10. Kila mmoja wa viumbe hao alikuwa na mtu wa kwanza aliyemwona. Wengi wao walikuwa wa kawaida kabisa.

Yupo, ila hujamfikia

Uadimu wa pili hauhusu hesabu za mbegu bali masharti ya mahali na saa. Katika No Man's Sky, kila sayari yenye wanyama ina orodha inayoonyesha umesajili spishi ngapi kati ya zilizopo. Unavaa miwani ya uchunguzi, na mnyama ambaye hajasajiliwa huonyeshwa kwa nukta nyekundu, aliyesajiliwa kwa nukta ya kijani. Mchezaji husajili wanane kati ya tisa kwa muda mfupi, kisha huzunguka nyika kwa saa nzima akimtafuta wa tisa huku kila nukta anayoiona ikiwa ya kijani. Mara nyingi mnyama huyo si wa nyikani. Huenda anaishi pangoni, au chini ya maji, au angani juu ya kichwa cha mtafutaji anayetazama ardhi tu. Huenda pia hutoka usiku, na mtafutaji amekuwa akirudi chomboni kila jua linapozama kwa kuogopa baridi.

Kompyuta pia haiwajazi wanyama kwenye sayari nzima kwa wakati mmoja, kwani haingeweza kuumudu mzigo huo. Huwaweka wachache karibu na mahali ulipo, na huwaondoa unapokwenda mbali. Kwa hiyo kukaa mahali pamoja ukisubiri kuna faida ndogo. Sogea mita mia kadhaa, badili mazingira, shuka pangoni, kisha tazama tena. Spishi yenye kiwango cha chini cha kutokea inahitaji mpangilio huo urudiwe mara nyingi, na kutembea ndiko kunakoulazimisha kurudiwa.

Elite Dangerous imelipeleka jambo hili mbali zaidi. Mchezo huo, uliotoka Desemba 2014, unaiga galaksi yetu ya Njia Nyeupe kwa ukubwa wake halisi, ukiwa na mifumo ya nyota ipatayo bilioni 400. Zaidi ya laki moja kati ya nyota hizo zimetolewa kwenye orodha halisi za wanaastronomia, na zilizobaki zimeundwa kwa kanuni zinazofuata fizikia kadiri inavyowezekana. Baada ya miaka mingi na maelfu ya wachezaji, sehemu iliyotembelewa haijafika hata asilimia moja. Tangu nyongeza iitwayo Odyssey ilipotolewa mwezi Mei 2021, mchezaji anaweza kutembea kwa miguu kwenye sayari zenye angahewa nyembamba na kukusanya sampuli za viumbe vilivyoota humo.

Wageni wengi hukosea hapo tangu hatua ya kwanza. Hukimbilia sayari za buluu zinazofanana na Dunia, wakidhani kwamba penye maji na hewa nzuri ndipo penye uhai wa kusisimua. Mchezo hauruhusu kutua kwenye sayari hizo. Uhai unaoweza kuushika kwa mikono uko kwenye mawe baridi yenye hewa ya kubahatisha, na kila jenasi, yaani kundi la spishi zenye undugu, ina masharti yake ya joto, aina ya gesi, uvutano na udongo. Chukua Stratum Tectonicas, mmea unaotambaa juu ya ardhi kama sahani pana, ambao hutafutwa sana kwa sababu sampuli zake hulipa vizuri. Hautoki popote tu: unahitaji sayari yenye madini mengi ya metali, angahewa nyembamba, na joto lisilopungua takriban nyuzi 165 za Kelvin, yaani kama 108 chini ya sifuri kwa Selsiasi. Mwenye kujua masharti hayo hutazama ramani ya mfumo wa nyota na kuvuka sayari nyingi bila hata kupunguza mwendo. Asiyeyajua hutua kwenye kila moja.

Kazi yenyewe ni ya subira. Kwanza unaupima mfumo mzima kutoka mbali, na chombo hukuambia sayari ipi ina ishara za kibayolojia na ni ngapi. Kisha unairushia sayari vipimaji, nazo hutoa ramani ya maeneo ambayo kila jenasi yaweza kuota. Ramani hiyo haikuhakikishii kwamba kiumbe yupo pale ulipotua. Inakuambia tu kwamba ardhi ile inamfaa. Unashuka, unatembea, na kama unatafuta bakteria unatafuta utando mwembamba juu ya mwamba, ambao ukiwa gizani unaweza kuukanyaga bila kuuona. Ukiupata, unachukua sampuli moja. Zinahitajika tatu, na kila moja lazima itoke kwenye kundi lililo umbali wa kutosha kutoka lile lililotangulia. Kwa bakteria umbali huo ni mita 500. Sharti la umbali huwaudhi watu, lakini mimi naliona lina maana: linamlazimisha mtafutaji aione sayari, badala ya kuchuma vitatu vilivyo miguuni pake na kuondoka. Ukiwa wa kwanza kusajili spishi hiyo kwenye sayari ile, malipo huzidishwa mara tano.

Waliofichwa kwa makusudi

Uadimu wa tatu ni mfupi kuuelezea. Baadhi ya viumbe hawakutoka kwenye mbegu hata kidogo. Wabunifu waliwaweka kwa mkono, na kuwatafuta kwa kuzunguka ovyo ni kupoteza umri. Mwezi Januari 2016 wachezaji wa Elite Dangerous waligundua kwa mara ya kwanza viumbe wakubwa waliojibandika ardhini, waliopewa jina la Barnacles, kwenye mwezi uitwao Merope 5c. Merope ni nyota halisi, mojawapo ya zile za Kilimia zinazoonekana kwa macho. Hawakupatikana kwa hesabu za uwezekano. Walipatikana kwa watu wengi kusoma madokezo yaliyotolewa ndani ya mchezo, kugawana maeneo, na kuchunguza uso wa sayari kipande kwa kipande. Kiumbe wa aina hii hana asilimia ya kutokea. Yupo mahali pamoja au machache yanayojulikana na aliyemweka, na kwingine kote hayupo, hata ukitembelea sayari milioni moja. Kwa hiyo kabla ya kuanza safari ndefu ni vizuri kujiuliza kama unachokitafuta kilizaliwa na kanuni au kiliwekwa.

Michezo na anga halisi

Kwa kuwa Elite Dangerous inafuata fizikia, wapo wanaochukua hatua moja mbele na kusema kwamba yanayopatikana humo yanatuonyesha uwezekano wa uhai katika anga halisi. Msingi wa dhana hiyo si mbaya wote. Mwaka 2017, wanaastronomia walipotangaza sayari saba zinazoizunguka nyota TRAPPIST-1, iliyo umbali wa takriban miaka 40 ya nuru, ilibainika kwamba kanuni za mchezo zilikuwa zimekwisha kuunda karibu na hapo mfumo wenye nyota hafifu na sayari saba. Ni sadfa yenye kupendeza, na inasema jambo fulani kuhusu ubora wa kanuni za nyota na sayari.

Haisemi lolote kuhusu uhai. Namna nyota zinavyoundwa na kuzaa sayari inajulikana kiasi cha kuandikwa kama kanuni, kwa kuwa tunazo nyota nyingi za kuzipima na maelfu ya sayari za nje ya mfumo wa Jua zilizothibitishwa. Kuhusu uhai tuna mfano mmoja tu, wa Dunia. Kiwango cha uhai ndani ya mchezo kimechaguliwa na wabunifu ili mchezaji asichoke wala asishibe upesi, na ukikutana na viumbe kwenye sayari tatu mfululizo umejifunza jambo kuhusu chaguo lao, wala si kuhusu anga lililo juu ya paa lako.

Kanuni zinapobadilishwa

Limebaki jambo moja linalozua ugomvi hata kati ya wachezaji wazoefu. Mtu hutoa anwani ya sayari yenye mnyama wa ajabu, wengine huenda na kukuta jangwa, naye huitwa mwongo. Anaweza kuwa mkweli. Yule fundi wetu akibadilisha utaratibu wake wa kukata, vipimo vilevile vitatoa vazi jingine. No Man's Sky imepata masasisho makubwa mengi tangu 2016, na lile lililoitwa NEXT, la Julai 2018, lilibadilisha sura ya sayari nyingi mno, baadhi zikawa na hali ya hewa tofauti kabisa na ya awali. Mbegu hazikuguswa. Kanuni ndizo zilizoguswa, na viumbe waliotegemea kanuni za zamani hawakuwa na mahali pa kurudi.

Kwa sababu hiyo taarifa ya kiumbe adimu inakuwa na thamani pale tu inapoambatana na mambo yanayomwezesha mwingine kuihakiki. Katika No Man's Sky mambo hayo ni alama 12 za lango la sayari, ambazo ndizo anwani yake, jina la galaksi, kwa kuwa zipo galaksi zaidi ya 250 na alama zilezile hukupeleka mahali tofauti katika kila moja, toleo la mchezo lililokuwa likitumika, na saa ya siku ya sayari wakati mnyama alipoonekana. Katika Elite Dangerous ni jina kamili la mfumo wa nyota na la sayari yenyewe, pamoja na latitudo na longitudo ya mahali ulipochukua sampuli. Anayechukua muda wa kuyaandika yote hayo huwapa wengine nafasi ya kufika palepale na kuona kwa macho yao, na mabishano kuhusu video yake huishia kwenye safari moja fupi ya chombo.